Kisigino cha Marehemu Mya Yin

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la chai la Shangazi Khin Saw, pale barabara ya soko inapokata kona kushuka mtoni. Viti ni vile vifupi vya plastiki, ukikaa magoti yanakutana na kidevu, na juu ya kila meza kuna chupa ya chai ya majani mabichi, ya bure, ambayo ndiyo inayotufuga hapa. Unaagiza kikombe kimoja cha chai ya maziwa ya kopo, unakinywa polepole kama dawa, halafu unahamia kwenye ya bure mpaka jua ligeuke. Kiti changu cha kunyolea kipo pembeni kidogo, chini ya turubai, kwa hiyo maneno yote nayasikia hata nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Wananiita Wembe, na si kwa sababu ya kazi tu. Siku hiyo ilikuwa asubuhi ya joto kali, sikukuu ya kumwagiana maji haijafika, na Mzee Nyo alikuja kijiweni amevaa kilemba.

Kilemba chenyewe ni kile cha hariri rangi ya waridi, cha harusini na cha kuwaingiza watoto utawani. Chini yake koti jeupe, msuli mpya umekunjwa vizuri tumboni, na kwapani furushi la kitambaa. Hakukuwa na harusi mtaani wala mtoto wa kuingia utawani, ningejua, maana vichwa vyao nanyoa mimi.

Redio ndiye aliyeanza. Huyu jina lake ni Pauk, anaendesha baiskeli ya abiria yenye kiti cha ubavuni, na habari ikipanda kwenye kile kiti haishuki mpaka mji mzima umeisikia.

REDIO: Mzee, nani anaoa?

MZEE NYO: Haoi mtu. Naenda kwa Thida.

REDIO: Kumwona mtoto?

MZEE NYO: Kumchukua mke wangu.

Wembe ukanikwama kwenye kichwa cha mteja. Habari yenyewe tulikuwa tunaijua, ila hatukujua imefika huko.

Mya Yin, mke wa Mzee Nyo, alifariki mwaka wa juzi. Kabla jeneza halijafungwa, Mzee alifanya kama wanavyofanya wengi hapa kwetu: alichukua masizi ya chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta kidogo, akampaka marehemu kwa kidole kisiginoni. Akizaliwa upya, alama atakuja nayo, na wenyewe watamjua. Sasa Thida, yule dada anayeshona ndala za mahameli karibu na daraja, ambaye mumewe yuko Thailand kwenye viwanda, akajifungua mtoto wa kike. Mkunga alirudi kwao kwenye baiskeli ya Redio, na njiani akasema, kwa kupitisha muda tu, kwamba mtoto ana doa kisiginoni. Mnaweza kumaliza wenyewe.

Akina mama wakaanza kwenda na maua. Mzee Nyo yeye alisubiri. Alisubiri mtoto afikie umri wa kuoshwa nywele na kupewa jina, na umri huo ulikuwa umefika.

MZEE NYO: Nataka kumuwahi kabla hajapewa jina la ovyo. Jina analo. Anaitwa Mya Yin. Nitamwambia Thida: mtoto aje kwangu, nimlee. Nyumba ina kivuli, kisima kipo, kitanda kipo. Nimebeba na kitana chake.

Akapiga furushi kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye tasbihi, maana Mzee Nyo ni mtu wa tasbihi, haiachi hata akila. Kila punje inakwenda na neno moja kati ya yale matatu aliyotuachia Buddha kuhusu vitu vyote vya dunia: kinapita, kinauma, si changu. Kinapita, kinauma, si changu. Midomo ilikuwa ikienda hivyo hivyo asubuhi ile, huku mkono mwingine umekumbatia furushi.

Aliyeliona hilo haraka ni Nusu Mtawa. Huyu alikaa monasteri miaka mingi, anajua mafundisho kuliko sisi wote, kisha siku moja akavua joho kwa ajili ya binti wa kuuza nyanya. Sasa anauza nyanya.

NUSU MTAWA: Mzee, hebu sema tena hilo neno la tatu.

MZEE NYO: Si changu.

NUSU MTAWA: Na kwenye furushi kuna nini?

MZEE NYO: Usinianze.

NUSU MTAWA: Sikuanzi, nakuuliza. Shangazi! Chai hii ni ya lini?

SHANGAZI KHIN SAW: Ni ya leo. Unataka kusema nawauzia chai ya jana?

NUSU MTAWA: Birika ulilimwaga lini?

SHANGAZI KHIN SAW: Birika halimwagwi, linaongezwa. Asubuhi naongeza maji, naongeza majani. Ndivyo alivyoniachia marehemu mume wangu.

NUSU MTAWA: Mmesikia. Ya leo imetoka kwenye ya jana, ya jana imetoka kwenye ya juzi. Rangi inaendelea, ukali unaendelea. Lakini ukikitafuta humo kile kikombe alichokunywa mumewe, hukipati. Mtu naye ni hivyo hivyo. Kuna kinachoendelea, lakini hakuna bonge la Mya Yin lililoruka kutoka kwenye jeneza likaingia tumboni mwa Thida.

REDIO: Kwa hiyo si yeye.

NUSU MTAWA: Sikusema si yeye.

REDIO: Kwa hiyo ni yeye.

NUSU MTAWA: Sikusema ni yeye vilevile.

REDIO: Miaka yote ile unakula vya sadaka, ndiyo umetuletea jibu hili? Bora ulivyooa.

Mteja wangu, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, akacheka mpaka nikamshika sikio atulie.

MZEE NYO: Mimi bonge silitaki. Hiyo rangi ya chai inanitosha. Ikiwa kimebaki kitu chake hata kama tone, nakitaka.

REDIO: Ngojeni, mimi ninayo maelezo. Nusu Mtawa anakosea kwa sababu hajawahi kubeba abiria. Mtu akifa ni kama abiria mwenye mizigo mingi. Haishuki yote kituo kimoja. Kisigino kimeshukia kwa Thida, sawa. Lakini sauti je? Ukali je? Ukali wa Mya Yin mimi najua umeshukia wapi. Yule mbwa wa darajani, tangu marehemu azikwe hanipitishi.

MZEE NYO: Mke wangu si mbwa!

REDIO: Sikusema mbwa mzima, Mzee. Kipande.

SHANGAZI KHIN SAW: Na ule mkono wake wa kupika, nao ulishukia wapi?

REDIO: Hapa kwako haujafika bado.

Kitambaa cha kufutia meza kilimpata shingoni, kikiwa kimelowa. Redio hakujali. Ukimpa Redio nadharia moja anazaa nne, na alishaanza kueleza kwamba meno ya Mya Yin yatakuwa yameshukia Mandalay, kwa sababu alikuwa na ndugu huko na alipenda kwenda kuwatembelea.

NUSU MTAWA: Redio, huyo mkunga alisema kisigino kipi?

REDIO: Cha kushoto.

MZEE NYO: Na mimi niliweka cha kushoto. Kwisha habari.

NUSU MTAWA: Cha kushoto kwako au kwake?

MZEE NYO: Kushoto ni kushoto.

NUSU MTAWA: Ulisimama wapi?

MZEE NYO: Miguuni pake.

NUSU MTAWA: Unamtazama yeye?

MZEE NYO: Ningemtazama nani mwingine?

NUSU MTAWA: Basi kushoto kwako ni kulia kwake.

Hapo ndipo kijiwe kilipoharibika. Redio akaunganisha viti vitatu, akalala juu yake chali kama maiti, mikono kifuani, ndala zimevuliwa. Nusu Mtawa akasimama miguuni pake na kijiko cha chai, anatafuta kushoto. Mteja wangu akainuka na shuka langu shingoni akasema hapana, maiti alilazwa kichwa upande gani? Shangazi akasema kichwa upande wa ukuta, yeye alikuwepo, alileta wali. Wakamgeuza Redio. Walipomgeuza, kushoto kukahama tena, au walidhani kumehama, maana sasa Nusu Mtawa naye alikuwa amezunguka akasimama kichwani. Wakampaka Redio chai visigino vyote viwili.

REDIO: Ikiwa ni vyote viwili basi wanakuja wanawake wawili. Mzee, utaweza?

MZEE NYO: Nilikuwa nalia!

Alisema kwa sauti ambayo hatujaizoea kwake. Redio akaketi taratibu, akazitafuta ndala zake kwa vidole vya miguu.

MZEE NYO: Nilikuwa nalia. Mtu anayelia anajua kushoto? Niliushika mguu wa mke wangu, ulikuwa wa baridi, nikaweka kidole. Mguu huo niliukanda miaka yote kwa sababu ulikuwa unamuuma akitoka kufuma. Mnaniuliza ni upi. Ulikuwa mguu wake.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakasirika na Mzee tangu aliposema anakwenda kuchukua mtoto wa mtu, na nilipomwona anafuta macho kwa ncha ya kile kilemba cha harusi nikakasirika zaidi, kwa sababu ilinibidi nimwonee huruma na huku nimekasirika. Nikaweka wembe chini.

MIMI: Mzee, Thida ana mtoto mmoja.

MZEE NYO: Na mimi nilikuwa na mke mmoja.

NUSU MTAWA: Ndiyo maana tunafundishwa tusishike, Mzee. Kinachouma si kwamba kitu kimepita. Kinauma kwa sababu mkono bado umefumbwa.

MZEE NYO: Wewe ulishindwa kuliacha tenga la nyanya. Usinifundishe kufumbua mkono.

Nusu Mtawa akamimina chai ya bure. Ulikuwa ukweli, na yeye hujua ukweli ukipita.

SHANGAZI KHIN SAW: Lakini, Nyo, jambo moja. Mya ni jina la mtu wa Alhamisi. Mtoto alizaliwa siku gani?

Kila mtu akamgeukia Redio. Hapa kwetu mtu bila siku yake haijulikani jina lake lianze na herufi gani, wala kwenye pagoda akamwagie maji sanamu ya kona ipi. Ni kitu cha kwanza kuulizwa.

REDIO: Siku niliyombeba mkunga... Palikuwa na matope. Nakumbuka nilishuka kusukuma.

SHANGAZI KHIN SAW: Matope si siku.

REDIO: Kisigino ndicho kilichonishika, Shangazi. Siku sikuuliza.

MZEE NYO: Itakuwa Alhamisi. Mke wangu alikuwa wa Alhamisi, hawezi kurudi Jumanne.

Akakaza kilemba, akachukua furushi, akasimama. Magoti yalimlilia lakini alisimama. Mtu akishaamua vile humzuii kwa birika la chai wala kwa kijiko. Alishapiga hatua ya kwanza kuelekea darajani alipomwona Thida anakuja, akabaki palepale na mguu mmoja juani.

Thida alikuwa anatembea haraka, liwa amepaka shavu moja tu, la pili amelisahau. Mtoto alikuwa begani analia kile kilio cha mtoto aliyeanza tangu alfajiri. Na katika joto lile, joto la kuyeyusha lami, mtoto alikuwa amevalishwa soksi za sufu, ndefu, zimefungwa kwa uzi juu ya kifundo.

THIDA: Nimesikia leo ni zamu yako, Baba. Nimekupunguzia safari.

Hakupiga kelele. Akamtoa mtoto begani, akampa Mzee Nyo mikononi, na furushi likaanguka chini, kitana kikatoka kikalala vumbini. Hakuna aliyekiokota.

THIDA: Tangu azaliwe nafungua mlango kutwa. Wanaingia, wanamgeuza mwanangu miguu juu kama kuku wa sokoni, wanatazama wanachotazama, wanaweka ua, wanatoka. Nikishona ndala moja natoboa kidole, silali. Nikaona nimvalishe soksi. Leo jirani yako ameniambia unakuja kumchukua kabisa. Haya, Baba. Umeshamshika. Uzi huo hapo, fungua, vua, tazama utosheke.

Mzee Nyo alimshika mtoto kama mtu aliyepewa sufuria ya moto. Mtoto alizidisha. Mkono wa Mzee ukaenda kwenye uzi wa soksi, na sisi wote, siwezi kuwadanganya, tuliinama mbele. Mteja wangu pia.

THIDA: Ila analia. Kabla hujavua, mwite kwanza jina lake. Akiitwa jina lake hunyamaza.

MZEE NYO: Mya...

Mtoto akalia mpaka akakosa pumzi.

THIDA: Mwite jina lake, nimesema.

REDIO: Dada, si bado hajapewa?

THIDA: Amepewa juzi. Nilimwosha nywele mwenyewe, nikapika tambi sufuria nzima, nikatandika mkeka wa wageni mpaka nje. Mji mzima unajua kisigino chake. Haya, ninyi ambao hakuna msichokijua, mwanangu anaitwa nani?

Redio alifungua mdomo. Nimemjua Redio tangu tunaogelea uchi mtoni, na sijawahi kumwona akifungua mdomo na kisitoke kitu. Nusu Mtawa alitazama majani chini ya kikombe chake. Shangazi, ambaye alipeleka wali kila msiba na kila harusi ya mtaa ule, alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Na mimi nilikuwa naona haya, haya ya kweli, ya masikio kuchemka, maana mkeka ule wa Thida niliupita juzi nikienda kununua sabuni. Niliuona mtupu, nikafikiri anaanika nguo.

Mzee Nyo ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ndogo.

MZEE NYO: Anaitwa nani, mwanangu?

THIDA: Thazin. Amezaliwa Ijumaa.

Nilidhani Mzee atabisha, ataleta habari ya Alhamisi. Akamsogeza mtoto juu zaidi begani, upande wenye kivuli cha kilemba, akamwambia sikioni.

MZEE NYO: Thazin.

Hakunyamaza mara moja, watoto si redio. Mzee akaanza kutembea naye, kutoka kwenye birika mpaka kwenye kiti changu, kutoka kwenye kiti changu mpaka kwenye birika, anamwita polepole. Mtoto akaikamata tasbihi iliyoning'inia mkononi mwake, akaitia mdomoni, na Mzee akaiachia. Kilio kikashuka kikawa kikohozi, kikohozi kikawa pumzi.

MZEE NYO: Thida, kaa chini unywe chai. Nilitoka nyumbani nimekusudia kumbeba mtoto huyu, na nitambeba. Kila asubuhi nitakuja, wewe utashona au utalala. Jua likigeuka nakurudishia mwanao.

THIDA: Na kisigino?

MZEE NYO: Kunywa chai.

Shangazi alishaweka kikombe cha chai ya maziwa mbele ya Thida, kilichojaa mpaka kwenye sahani, na maandazi marefu mawili. Thida alikaa. Alikula andazi moja, akashika kikombe kwa mikono miwili, akalala vilevile ameketi, kichwa ukutani, chai haijafika nusu.

Mzee Nyo alikuwa amefika kwenye kiti changu kwa mara nyingine. Kwa kutembea kule, uzi wa soksi ya kushoto ulikuwa umelegea, na soksi ilikuwa inashuka, imeshafika chini ya kifundo, imebaki kidogo tu. Redio alitambaa juu ya viti. Nusu Mtawa, na mafundisho yake yote, alisimama. Mzee aliitazama ile soksi. Akaweka kidole, kilekile cha masizi, akaivuta juu mpaka karibu na goti, akafunga uzi mara mbili.

REDIO: Mzee! Mzee, kidogo tu! Tujue!

MZEE NYO: Punguza sauti, Pauk. Thazin amelala.